Istilahi za Mwendo: Tahakiki ya Muswada wa Utangulizi wa Kinematiki

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi zilizotumiwa katika muswada mmoja wa utangulizi wa kinematiki, yaani tawi la fizikia linaloeleza mwendo wa vitu bila ya kuuliza sababu ya mwendo huo. Muswada umefasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya walimu na wanafunzi wanaoanza masomo ya sekondari, nao uliletwa kwangu ili niutolee maoni kwa upande wa istilahi. Mfasiri wake ni mtu mwenye bidii, na Kiswahili chake ni safi. Jina lake silitaji, kwa sababu makosa nitakayoyaonyesha si yake peke yake. Mojawapo niliwahi kulifanya mimi mwenyewe.

Nianze na hilo langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilishiriki kuandaa orodha fupi ya istilahi za sayansi kwa ajili ya semina ya walimu. Katika orodha ile niliandika kwamba kiasi ambacho wanafizikia hukiwakilisha kwa herufi a kiitwe "kuongeza mwendo". Nilijivuna kidogo, maana niliona nimepata maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Mwalimu mmoja wa fizikia, mtu mzima, akanyosha mkono akasema: "Ndugu, nikirusha jiwe juu, linapofika mwisho wa kupanda kwake husimama kwa nukta moja. Je, niwaambie wanafunzi wangu kwamba hapo jiwe linaongeza mwendo?"

Sikuwa na jibu. Jiwe lile, likiwa pale juu, lina a ile ile lililokuwa nayo tangu lilipotoka mkononi, yaani karibu mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde, kuelekea chini. Lilipokuwa likipanda lilikuwa likipunguza mwendo, juu kabisa likasimama, kisha likaanza kushuka likiongeza mwendo. Na katika hali zote tatu a haikubadilika. Istilahi yangu ilifaa hali moja tu kati ya hizo tatu. Nimeukuta muswada huu ukitumia maneno yale yale, na ndiyo sababu nimeona si vema kuyapitia kimya kimya.

Neno "mwendo" na mizigo yake

Tatizo la kwanza la muswada linatokana na neno lililo kubwa kuliko yote katika somo hili. Barabarani tunasoma kibao kisemacho "Punguza mwendo"; hapo mwendo ni wepesi wa gari. Kijijini tukiuliza njia tunaambiwa "Ni mwendo wa saa mbili". Hapo mwendo ni umbali, nao umepimwa kwa muda. Tukisema kwamba sayari zina mwendo, twamaanisha kule kuhama tu kutoka mahali hadi mahali. Maana hizi tatu huishi pamoja katika mazungumzo bila ya ugomvi, kwa kuwa msikilizaji hupambanua kwa muktadha. Katika kitabu cha fizikia haziwezi kuishi pamoja, kwa sababu kila moja ina kipimo chake. Umbali hupimwa kwa mita na wepesi kwa mita kwa sekunde; kule kuhama kwenyewe hakuna kipimo, kwani ni tukio.

Muswada unatumia "mwendo" kwa maana zote tatu, na katika ukurasa mmoja unaandika "mwendo wa gari katika mwendo huo ni mkubwa". Mwanafunzi atakayesoma sentensi hiyo hana njia ya kujua ni kiasi gani kinachozungumzwa. Yafaa tukubaliane kwamba katika maandishi ya fizikia "mwendo" libaki na maana moja tu, ile ya tukio lenyewe: kubadilika kwa mahali pa kitu kadiri wakati unavyopita. Maana nyingine zipewe maneno yake.

Vitenzi visivyo na mtendaji

Neno kinematiki lilianzia katika Kifaransa. Mwanasayansi André-Marie Ampère alilibuni mwaka 1834 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mwendo, ili aitenge elimu ya mwendo wenyewe na elimu ya nguvu zinazousababisha. Hata hivyo utengano huo ulikwisha kuwepo kwa vitendo. Galileo Galilei, katika kitabu chake kuhusu sayansi mbili mpya kilichochapwa Leiden mwaka 1638, alimfanya mmoja wa wazungumzaji wake aseme kwamba huo haukuwa wakati wa kutafuta sababu ya vitu kuzidi wepesi vinapoanguka. Kwanza ijulikane vinaanguka vipi. Kwa kukubali kuiweka sababu kando, aliweza kuonyesha kwamba umbali unaoangukwa hukua kwa kadiri ya mraba wa muda.

Jambo ambalo wafasiri wetu hawajalitilia maanani ni kwamba Kiswahili kimekwisha kuweka utengano huo ndani ya mnyambuliko wa vitenzi. Tuna anguka na angusha, sogea na sogeza, zunguka na zungusha, hama na hamisha, badilika na badilisha. Katika kila jozi neno la kwanza laeleza linalokipata kitu, na la pili lamleta mtendaji. Mtu akisema "jiwe limeanguka", habari imekamilika. Akisema "jiwe limeangushwa", msikilizaji atauliza limeangushwa na nani. Kinematiki ni elimu ya vitenzi vya aina ya kwanza. Elimu ya kani, inayofuata baada yake, ndiyo mahali pa vitenzi vya aina ya pili.

Nashauri kwamba hilo liwe kanuni ya kuchagulia istilahi za somo hili: neno la kinematiki lisitokane na kitenzi chenye mtendaji. Tukiishika kanuni hiyo, baadhi ya mabishano ya siku nyingi yanaisha yenyewe.

Mfano wa kwanza ni kiasi kinachoeleza mahali kitu kilipofikia kutoka kilipoanzia, kwa mstari mnyoofu na kwa mwelekeo wake. Muswada unakiita "uhamisho". Msomaji aliye mtumishi wa serikali ataruka kidogo alionapo neno hili, maana analijua kutokana na barua. Uhamisho una mwenye kuhamisha na mwenye kuhamishwa, na mara nyingi huyo wa pili hakuulizwa. Jiwe halihamishwi na mtu, lahama. Kwa hiyo kitenzi kinachofaa ni hama, na jina litokanalo nacho, kwa kufuata mfano wa mwendo, mchezo na mzunguko, ni mhamo.

Mhamo lina faida nyingine mbili. Kwanza, maana ya hama yalingana barabara na maana inayotakiwa. Mtu akihama Tabora kwenda Mbeya twasema amehamia Mbeya, wala hatuulizi kama alipitia Singida au njia nyingine. Tunachoangalia ni alikotoka na alikofika, na mhamo katika fizikia ni hivyo hivyo. Pili, neno hili laingia katika ngeli yenye wingi, mhamo na mihamo. Wengine wamependekeza uhamo, lakini majina mengi ya dhana yenye u- hayana wingi unaotumika, ilhali katika fizikia sharti tuweze kusema "jumlisha mihamo hii mitatu". Istilahi isiyoweza kuhesabiwa haifai kwa kitu ambacho kazi yake ni kuhesabiwa.

Mfano wa pili ni ile a iliyonitia aibu mbele ya walimu. Katika maandishi yetu yamekuwa yakishindana maneno mchapuo na mchapuko. Wengi huyaona kuwa ni tofauti ya matamshi tu. Kwa kanuni tuliyoiweka, tofauti ni kubwa. Mchapuo latokana na chapua, kama tunapomwambia mtu achapue miguu. Kuna anayechapua na kinachochapuliwa. Mchapuko latokana na chapuka, yaani hali inayokipata kitu chenyewe. Kinematiki yahitaji mchapuko.

Nakiri kwamba mchapuko nalo lina kasoro. Chapuka ni kuwa mwepesi, na kwa hiyo neno laelekea upande wa kuzidi, kama lilivyoelekea lile langu la "kuongeza mwendo". Lakini kuna tofauti kati ya maelezo na istilahi. "Kuongeza mwendo" ni sentensi inayoeleweka mara moja, na kwa sababu hiyo mwanafunzi hataisubiri fasili. Ataipa maana anayoijua na kukosea. Mchapuko ni neno lisilotumika sana katika mazungumzo ya kila siku, kwa hiyo linapokea fasili tunayolipa. Sharti ni moja: fasili iseme "kubadilika" na isiseme "kuongezeka". Basi litakalopunguza wepesi wake kutoka mita 20 kwa sekunde hadi kusimama, kwa muda wa sekunde 5, lina mchapuko wa mita 4 kwa sekunde kwa kila sekunde kinyume cha uelekeo wake, yaani mchapuko hasi. Hakuna haja ya kubuni istilahi nyingine kwa ajili ya kupunguza mwendo. Muswada umebuni moja, na matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anafundishwa kanuni mbili mahali ambapo ipo moja.

Kasi na kasimwelekeo

Nageukia sasa jozi yenye utata kuliko zote. Fizikia hutofautisha wepesi wa kitu kwa ukubwa wake tu, na wepesi huo pamoja na mwelekeo wake. Kiingereza kina maneno mawili, moja la asili yake yenyewe na jingine lililotoka katika Kilatini. Katika mazungumzo ya kawaida maneno hayo yalikuwa na maana karibu moja, na ni wanasayansi waliopatana kuyatenga. Wafasiri wetu, wakiona maneno mawili upande ule, hudhani kwamba nasi ni lazima tupate mawili yasiyofanana. Si lazima. Kifaransa hutumia vitesse kwa yote mawili, na panapohitajika kutaja mwelekeo husema vekta ya vitesse. Kijerumani nacho hutumia Geschwindigkeit kwa yote mawili. Hakuna mtu aliyesema kwamba fizikia ya mataifa hayo imepungukiwa.

Muswada unatumia "mwendokasi" kwa kiasi kisicho na mwelekeo na "velositi" kwa chenye mwelekeo. Maneno yote mawili yamekwisha kuwamo katika matumizi kwa miaka mingi, na si nia yangu kuwalaumu walioyatumia kabla yetu. Lakini hali ya lugha imebadilika. Tangu mwaka 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam, watu wameyaita mwendokasi, na leo mtoto wa jiji akisikia neno hilo haoni kipimo bali aona basi refu katika njia yake. Baraza haliwezi kuwaamuru wananchi walinyang'anye basi jina lake. Zaidi ya hayo, neno lilikuwa na udhaifu tangu mwanzo: kichwa chake ni mwendo, na kasi yafuata kama sifa, kwa hiyo maana yake ya kwanza ni mwendo ulio wa kasi. Kusema "mwendokasi wa konokono" kunaleta kicheko, wakati mwalimu alitaka kuleta tarakimu.

Neno fupi kasi latosha. Ni kweli kwamba katika mazungumzo kasi hubeba pia harufu ya nguvu, kama tusemapo mto unakwenda kwa kasi, na kwamba hutumika kama kielezi, "alikimbia kasi". Hata hivyo twaweza kusema "kasi ndogo", "kasi kubwa", "kasi sifuri" bila ya kicheko, na hilo ndilo jaribio la neno la kipimo. Dereva na fundi husema spidi, na sioni ubaya wakiendelea. Lakini kasi yaeleweka kote, mjini na shambani.

Kwa kiasi chenye mwelekeo, velositi ina utetezi mmoja: mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huendelea na sekondari kwa Kiingereza, na neno la mkopo humpunguzia safari. Utetezi huo una uzito. Udhaifu wake ni kwamba velositi haimwambii mwanafunzi lolote kuhusu uhusiano wake na kasi, ilhali uhusiano huo ndio somo lenyewe. Kasimwelekeo, neno linaloonekana katika maandishi ya siku hizi, laeleza uhusiano huo katika umbo lake. Nashauri kasimwelekeo liwe neno la kwanza, na velositi liruhusiwe kama kisawe. Tena upatanisho wa kisarufi ufuate kichwa cha neno, ambacho ni kasi: tuseme "kasimwelekeo hii imebadilika", wala tusiseme "kasimwelekeo huu umebadilika".

Ili msomaji asione kwamba haya ni mabishano ya maneno matupu, na apige picha ya gari linalozunguka kipilefti huku mshale wa spidomita umetulia kwenye 20. Kasi yake haibadiliki. Kasimwelekeo yake inabadilika kila nukta, kwa kuwa gari linageuka. Na kwa kuwa kasimwelekeo inabadilika, gari lina mchapuko, nao waelekea katikati ya kipilefti. Sentensi hizi tatu ni za kweli na zinasemeka kwa Kiswahili. Tukiziandika kwa istilahi za muswada, ya tatu itasema kwamba gari lisilobadili mwendo "linaongeza mwendo". Mwanafunzi mwerevu ataikataa sentensi hiyo, na mwanafunzi mtiifu ataikariri. Wote wawili watakuwa wamepotea.

Muda na wakati

Katika jambo moja Kiswahili kina utajiri ambao mfasiri ameutupa. Kiingereza hutumia neno moja kwa t ya saa inayosomwa na kwa t ya kipindi kilichopita kati ya masomo mawili. Sisi tunayo mawili. Wakati ni lini. Muda ni kiasi gani. Jiwe lilikuwa juu kabisa wakati wa sekunde ya pili. Lilichukua muda wa sekunde mbili kufika. Muswada unachanganya wakati, muda na saa bila ya utaratibu, pengine kwa kuwa katika matini ya asili lilikuwa neno moja.

Uzembe huo umeleta kosa la hesabu. Katika zoezi moja, basi linaondoka "saa 2 asubuhi" na kufika "saa 1 mchana". Ni dhahiri kwamba matini ya asili ilisema saa nane ya Kizungu kabla ya adhuhuri na saa moja ya Kizungu baada yake, yaani muda wa saa tano. Mfasiri aliigeuza saa ya kwanza kwa hesabu yetu, akaisahau ya pili, ambayo ilipaswa kuwa saa 7 mchana. Mwanafunzi akitoa mbili katika moja atapata muda hasi, na anayesahihisha kwa kufuata jedwali la majibu atamnyima alama hata akiandika kwamba swali haliwezekani.

Tofauti ya muda na wakati yatusaidia pia katika kutenga kasi ya wastani na kasi ya papo hapo. Ya kwanza ni ya muda. Ya pili ni ya wakati. Jambo hili lina maana hata nje ya darasa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama nchini Tanzania, na wafasiri wengi wa serikali hukutana na maneno haya katika mashauri ya barabarani. Tuchukue dereva aliyekwenda kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kiasi cha kilomita 190, kwa muda wa saa nne, naye akajitetea kwamba hakuweza kuwa alizidi kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi, kwa kuwa 190 kwa 4 ni 47.5 tu. Hesabu yake ni sahihi, na utetezi wake haufai kitu. Tochi ya askari ilipima kasi ya wakati mmoja mahali pamoja. Dereva ametaja wastani wa muda wote, pamoja na dakika alizosimama kunywa chai. Hati ikiandika kwamba "mwendo wake ulikuwa 80", bila ya kusema ni kasi ya papo hapo, imemfungulia mlango wa kubishana. Mlango huo ungefungwa na neno moja.

Neno "wowote"

Kasoro ya mwisho ninayotaka kuitaja ni ya neno lililokosekana. Muswada unafasili mwendo sawia hivi: "ni mwendo ambao kitu huenda umbali sawa katika muda sawa". Fasili hiyo ni ya zamani kuliko Galileo, naye aliiona kuwa ina upungufu. Katika kitabu kile cha mwaka 1638 aliisahihisha kwa kuongeza neno moja tu, lenye maana ya "wowote": umbali uwe sawa katika muda wowote ulio sawa. Alieleza sababu: kitu chaweza kwenda umbali sawa katika vipindi fulani vilivyo sawa, lakini ndani ya vipindi hivyo kiwe kinakwenda na kusimama.

Msomaji aliyepanda daladala hahitaji uthibitisho. Gari laweza kwenda kilomita moja katika kila dakika tatu kwa muda wa nusu saa, na bado likawa limesimama katika kila kituo. Kwa fasili ya muswada, daladala hiyo ina mwendo sawia. Kwa fasili yenye "wowote", haina, kwa kuwa tukichukua muda wa sekunde kumi wakati abiria wanashuka, umbali ni sifuri. Nililinganisha muswada na matini ya asili, nikaona neno hilo limo katika Kiingereza. Mfasiri aliliacha, huenda kwa kuliona kuwa la ziada. Katika fasili hakuna neno la ziada, na mfasiri wa sayansi akiona neno linaloonekana kama pambo yampasa alisimamie mpaka ajue kazi yake.

Kwa habari ya vipimo, "mita kwa sekunde mraba" inayotumiwa katika muswada yapotosha. Mita mraba ni eneo la kitu kionekanacho, bali hakuna mtu aliyewahi kuiona sekunde mraba. Alama ya kimataifa ibaki kama ilivyo katika hesabu, lakini katika kusoma na kueleza tuseme "mita kwa sekunde kwa kila sekunde". Vilevile herufi s, t, v na a zisibadilishwe ili zilingane na maneno ya Kiswahili. Alama hizo ni mali ya mataifa yote, na mwanafunzi atazikuta kila aendako.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, napendekeza istilahi zifuatazo zitumike pamoja kama jamii moja, wala zisichaguliwe moja moja:

Mwendo: kubadilika kwa mahali pa kitu kadiri wakati unavyopita.
Umbali: urefu wa njia yote iliyopitwa, bila ya kujali mwelekeo.
Mhamo (wingi: mihamo): urefu na mwelekeo wa mstari mnyoofu kutoka mahali pa kuanzia hadi pa kuishia.
Wakati: nukta moja katika mfuatano wa saa.
Muda: kiasi kilicho kati ya nyakati mbili.
Kasi: umbali uliogawanywa kwa muda.
Kasimwelekeo: mhamo uliogawanywa kwa muda.
Mchapuko: kubadilika kwa kasimwelekeo kulikogawanywa kwa muda, iwe kwa kuzidi, kwa kupungua au kwa kugeuka.

Kasi, kasimwelekeo na mchapuko vikihesabiwa kwa muda mrefu, huwa ni vya wastani. Muda ukifupishwa kadiri iwezekanavyo, huwa ni vya papo hapo.

Zikisomwa pamoja, ubora wake waweza kujaribiwa kwa swali moja. Jiwe limerushwa juu kwa kasi ya mita 19.6 kwa sekunde, nalo likarudi mkononi. Upinzani wa hewa usihesabiwe. Muda wote ni sekunde 4. Umbali ni mita 39.2. Mhamo ni sifuri, na kasimwelekeo ya wastani ni sifuri, ingawa kasi ya wastani ni mita 9.8 kwa sekunde. Mchapuko ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale jiwe liliposimama. Mwalimu aweza kuyasema haya yote mbele ya darasa bila ya kukopa sentensi hata moja.

Muswada umerudishwa kwa mfasiri pamoja na maelezo haya, naye amekubali kuupitia upya. Istilahi ya mhamo ni pendekezo tu, na bado haijapitishwa. Walimu watakaoijaribu darasani wanaombwa watuletee habari, hasa za mahali itakapowashinda, kwa maana wao ndio watakaoulizwa kwanza kuhusu lile jiwe.